Disketi ya Masele

Masele alizikwa Bujora siku ya Jumamosi. Jumatatu nikawasha kompyuta, na programu tuliyoiandika wawili kwa miaka miwili ikagoma.

Sikulia msibani. Pole zote zilikwenda kwa dada zake, na ndivyo inavyotakiwa. Mimi nilikuwa mtu wa meza ya jirani tu, Mhaya aliyekaa naye chumba kimoja cha kazi pale kiwanda cha minofu ya samaki. Nilikula wali wa msiba, nikarudi Mwanza. Nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa.

Programu yenyewe ilikuwa ya mashine ndogo za mkononi, za kuandikia uzito wa sangara wanaposhushwa gatini Kamanga. Tuliiandika vipande vipande, kila kipande na folda yake. Kompyuta inaviunganisha, kisha kazi inahamishiwa kwenye mashine kwa waya. Sasa haikuunganisha kitu. Faili halipo, iliniambia. Makosa arobaini na moja. Wanasema lisemwalo lipo. Mafaili haya yalisemwa na hayakuwapo. Nikahamisha folda, nikazirudisha, nikaitukana kompyuta kwa Kihaya. Ikajibu vilevile.

Meneja wetu, Bwana Rweyemamu, alichungulia mlangoni. “Leonsia, programu hiyo isipofanya kazi kufikia Ijumaa, naifuta. Tutanunua ya Nairobi.”

“Sawa,” nikasema. Sikuhisi chochote. Ila nilijua kwamba ikifutwa, hakuna kazi ya Masele itakayobaki duniani.

Jumanne nilipekua folda moja moja, ndipo nikaona: yaliyotoweka ni mafaili ya Masele tu, yale aliyoyaandika jina lake juu. Nikamwendea Bernadeta, karani wetu.

“Niliyakusanya, dada,” akasema bila wasiwasi. “Vitu vya marehemu haviachwi ovyo watu wakavichezea. Nikayatia kwenye disketi, nikayafuta kwenye kompyuta, nikawapa ndugu zake pamoja na koti na kikombe.”

Ningemgombeza, lakini ningeanzia wapi? Kwa upande wa kikombe alikuwa sahihi.

Jumatano nilikuwa Bujora. Furushi la marehemu lilifungwa kwa kitenge, likawekwa pembeni mwa ukuta. Mlinzi wake alikuwa baba mdogo wa Masele, mzee Luhaga.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Wewe ni nani kwake?”

“Tulifanya kazi pamoja.”

“Furushi halifunguliwi kabla ya siku ya kugawa vitu, binti.”

Nikamweleza kwamba kazi ya Masele na yangu ni nyumba moja. Matofali yake yametolewa, na Ijumaa wanakuja kubomoa yaliyobaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Rweyemamu hajawahi kulifanya.

“Siku inaweza kusogezwa, lakini kitu cha marehemu hakishikwi na asiyemlilia,” akasema. “Ndugu zake wote wamenyoa. Wewe una nywele.”

Nikakaa kwenye kigoda. Paskazia, dada mkubwa wa Masele, akafumua misuko yangu, akaninyoa kwa wembe taratibu. Nilihisi upepo kichwani, basi. Kisha mzee akafungua furushi mbele ya wote, akanipa disketi kwa mikono miwili.

Alhamisi nilirudisha kila faili kwenye folda yake. Makosa tisa. Matatu. Moja, na hilo lilikuwa langu mwenyewe. Saa nane mchana kompyuta ikaandika: makosa sifuri. Nikageukia meza ya jirani kusema “Tayari,” kama tulivyozoea. Kiti kilikuwa hakina koti.

Bernadeta akaingia na chai. Alipoona kichwa changu akaweka sinia chini.

“Pole, dada,” akasema. “Pole sana kwa kufiwa.”

Tangu Masele afe, hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hivyo. Nikamjibu, “Asante,” na hapo ndipo nikalia.