Msichana wa Safu ya Nyuma

Eliakunda aliiona barafu kabla ya mtu yeyote. Ilikuwa imetanda kwenye ngazi za nyuma za ukumbi wa kanisa, katika mji wa Saint Paul, ughaibuni, nyembamba na ya kung'aa. Aliikwepa, akaingia ndani, akanyamaza. Nyuma yake alikuwa anakuja Irene, nyota wa mchezo wa jioni hiyo, mikono imejaa mavazi.

Irene aliteleza, mguu ukavunjika kifundoni.

Mwongozaji wao, Humphrey, alikuwa mpenzi wa zile filamu za muziki za kale, zisizo na rangi, ambamo kundi hutokwa jasho kuandaa onyesho, kisha dakika ya mwisho nyota huumia na msichana wa safu ya nyuma hushika nafasi yake na kutoka akiwa malkia. Mchezo aliowatungia Watanzania wenzake ulifuata mkondo huohuo. Kwa miezi minne Eliakunda, aliyekuwa akiogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia huko Maple Grove, alicheza safu ya nyuma huku akihifadhi moyoni kila neno la Irene. Gari la wagonjwa lilipoondoka, alimwendea Humphrey, akamwambia anayajua yote.

Humphrey alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, bila haraka, kama achaguaye nyanya.

"Sauti unayo, dada," alisema. "Lakini watu wana macho pia."

Gauni akampa Jeptoo, binti wa Kikenya mwenye umbo la mwanzi, asiyejua hata nusu ya maneno. Eliakunda akawekewa kiti pembeni mwa jukwaa, penye giza, amnong'oneze. Angeweza kuondoka. Alikaa. Alinong'ona mstari baada ya mstari, na kila kilichotoka kinywani mwake kilifika kwa watu kikiwa mali ya mwingine. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Jeptoo alipita na maua yake, akasema, "Asante, auntie."

Kesho yake mchana Eliakunda alikwenda hospitalini. Katika kundi zima, hakuna mwingine aliyekwenda. Alikuwa amekusudia kuungama habari ya ile barafu ya ngazini. Irene akamtangulia.

"Nilimsihi Humphrey nikiwa kwenye machela," alisema. "Nilimwambia, mpe Eliakunda nafasi yangu, hakuna anayeistahili zaidi. Walikupigia makofi?"

Eliakunda aliutazama ule mguu uliofungwa plasta.

"Walisimama," akajibu.

Irene akatabasamu, akafumba macho, akamwomba amwimbie wimbo wa mwisho, taratibu tu. Eliakunda akafumbua kinywa. Kwenye kitanda cha dirishani, bibi mmoja wa Kizungu akapunguza sauti ya televisheni.