Ufunguo Shingoni mwa Mulinge

Sista Kanyiva alitokeza mlangoni akiwa na damu hadi viwikoni, akaita jina moja tu.

"Mulinge!"

Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka minne katika zahanati ya Kwa Nyamai, yeye muuguzi, Mulinge mlinzi wa geti, na siku zote alimwita mzee. Kusikia jina lake likiitwa hivi hivi, Mulinge alijua mambo yameharibika. Aliinuka upesi hata redio yake ndogo ikaanguka kutoka mapajani. Haikuzimika. Iliendelea kusema peke yake pale mchangani.

"Mtoto ametoka. Ni msichana," sista akasema. "Lakini hapumui vizuri, amekuwa buluu. Nampampu na mkono, nikiachilia tu anarudi vile vile. Nataka ile mashine ya oksijeni. Fungua stima."

Mtoto mwenyewe alikuwa mjukuu wa Mulinge. Aliyekuwa amelala mle ndani tangu alfajiri ni Nzilani, binti yake wa pekee.

Ilikuwa saa nane mchana na jua lilikuwa limeshika mabati mpaka yanalia. Juu ya paa la zahanati, vioo kumi na viwili vya sola viling'aa mtu asiweze kuvitazama. Chini ya paa hilo hilo hapakuwa na umeme wa kuwasha hata balbu moja, na ufunguo wa umeme huo ulikuwa shingoni mwa Mulinge, umefungwa kwa kamba ya mkonge tangu mwezi wa pili.

Hebu nieleze, maana mtu wa mbali anaweza kudhani mzee huyu alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Sola ilikamilika mwezi huo wa pili. Fundi aliijaribu ikawaka, mashine ya oksijeni ikanguruma, na akina mama waliokuwa foleni ya kliniki wakapiga vigelegele. Kisha fundi akaizima. Kichumba cha betri kikatiwa kufuli, na Gedion, kijana msaidizi wa mheshimiwa, mwakilishi wetu katika bunge la kaunti, akazungusha utepe wa buluu mlangoni. Haiguswi, akasema, mpaka izinduliwe.

Na siku ya kuzindua nani angeijua? Wakubwa walikuwa bado wanabishana. Kundi la mheshimiwa lilitaka kaunti igharamie sola katika kila zahanati, na hii ya Kwa Nyamai iwe ya kuonyesha watu. Kundi la pili lilisema pesa hizo zitoke serikali kuu, tena mwananchi wa huku anataka stima ya nguzo kama wenzake, sola ni ya kuwanyamazisha maskini. Ukiwasikiliza redioni, kila upande ulikuwa na maneno matamu. Na kila upande ulitaka picha yake kwenye ubao wa getini. Basi ubao ulikaa mweupe miezi mitatu, kuku wa majirani wakipumzika kivulini pake.

"Mzee, nimeulizia mpaka sokoni Mbumbuni," Gedion alimwambia siku ile ya kumpa ufunguo. "Wote wamekutaja wewe. Ati hata kanisani ni wewe unabeba kikapu cha sadaka. Hii kitu usimpatie mtu, na usifungue bila mimi."

Mulinge alijivuna, kwa nini tufiche? Alilala na ufunguo ule, akaoga nao. Lakini pia alijua kibarua chake kilikuwa cha miezi mitatu mitatu, na aliyekipeleka kwa wakubwa kutiwa sahihi upya ni huyo huyo Gedion.

"Wacha nipige simu kwanza, sista," akasema.

"Simu ya nini? Ufunguo si uko nao?"

"Dakika moja tu."

Kwa Nyamai simu haishiki ila juu ya kichuguu kilicho nyuma ya choo. Mulinge alikikimbilia na miaka yake sitini na miwili, akapanda, akapiga. Upande wa pili palisikika sahani na vicheko.

"Mzee wangu! Niko Kikima hapa na wageni. Ni nini?"

"Gedion, kijana yangu, kuna mtoto amezaliwa sasa hivi. Hapumui. Sista anataka ile oksijeni. Ni mjukuu wangu, Gedion. Nifungue?"

"Ai, mzee. Na leo?" Vicheko vilisogea mbali, bila shaka Gedion alikuwa ametoka nje. "Leo ndio wako ndani ya bunge na hiyo mambo. Ukiwasha, mtu apige picha, wale wengine watasema ni wao wameifungua. Mimi na wewe tutaenda nyumbani siku moja. Nipatie dakika tano niulize mkubwa."

"Mtoto hana dakika tano."

"Mzee, mimi nakuheshimu kama babangu. Usitoke hapo kwa network. Na usiguse kitu."

Simu ikakatika.

Akasimama juu ya kichuguu. Jasho lilimshuka, ufunguo ukamganda kifuani. Mtoto huyu alikuwa aitwe Mbithe, jina la marehemu mkewe. Kwa miezi mingi Mulinge alikuwa akimtania Nzilani kila alipomwona akishika mgongo: mtunze vizuri mke wangu, anarudi nyumbani, amechoka kuniacha nijipikie. Na Nzilani alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. Mwanamume aliyempa mimba hakuwa ameonekana tena tangu Krismasi, na utani huo wa baba ndio uliomtoa aibu mbele ya watu.

Kutoka getini redio ilikuwa bado inasema. Mwakilishi mmoja alisimama kwa hoja ya nidhamu. Mwingine akamwambia akae, yeye na kaunti yake ya mishumaa. Watu wakacheka. Spika akaahirisha kikao mpaka Jumanne.

Sista akatoka tena. "Mulinge, unangoja nini? Fungua!"

"Wanauliza mkubwa! Wananipigia sasa hivi!"

Sista akarudi ndani. Mulinge akaitazama simu, ikamtazama. Alitaka kushuka. Haki ya Mungu alitaka, lakini miguu yake ilikuwa imezoea kuambiwa. Maisha yake yote alikuwa amengoja kwanza: kwa chifu, kwa karani, kwa kila ofisi yenye benchi mlangoni, na hakuna siku hata moja aliyojifungulia mlango akasamehewa.

Mara ya tatu sista hakupiga kelele. Alikuja mpaka chini ya kichuguu akiwa amejishika kiuno.

"Mzee," akasema, "mtoto ni wako."

Hapo Mulinge akaruka. Simu aliisahau huko juu. Alikata utepe kwa meno, ufunguo ukakataa kuingia, ukaingia, akasukuma swichi juu. Ndani ya zahanati mashine ikanguruma. Ilinguruma vizuri, kwa nguvu, jua lote lile lilikuwa nyuma yake. Mulinge akasimama mlangoni, kofia mkononi, akingoja kusikia mtoto akilia.

Mashine ikanyamaza. Ni sista aliyeizima.

Kisha huko nyuma ya choo simu ikaanza kuita. Iliita ikakata, ikaita tena, mpaka Mulinge akaenda kuipokea, kwa sababu hakujua mtu hufanya nini kingine.

"Mkubwa amekubali!" Gedion alikuwa akihema kwa furaha. "Unaona vile anajali watu? Fungua pole pole. Lakini utepe usikate, usukume tu kando. Mzee? Unanisikia?"

Walimzika jioni hiyo hiyo, nyumbani kwa Mulinge, nyuma ya jikoni, watu wanne. Huku mtoto hupewa jina siku ya tatu, na huyu hakuifikia hata ya pili, kwa hiyo Mulinge hakuruhusiwa kumwita Mbithe hata pale kaburini. Sista alisema pengine hata oksijeni isingemwokoa. Pengine. Alilisema mara mbili, macho yake yakiwa kwenye udongo.

Nzilani aliuliza swali moja tu.

"Nau, ufunguo ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

Tangu hapo hakumwita nau, yaani baba, tena. Alimpikia, akamwekea sahani, akatoka nje. Asubuhi Mulinge alimsikia nyuma ya jikoni akijikamua maziwa na kuyamwaga chini, na yeye akakaa kitandani akiwa ameziba masikio kama mtoto.

Wiki ya tano wakubwa wakapatana. Picha zote mbili zikabandikwa kwenye ubao, moja kulia na moja kushoto, wote wakitabasamu. Gedion alikuja na hema, spika za muziki na utepe mpya. Akamvuta Mulinge kando, akampa sinia lililotandikwa kitambaa cheupe na maua ya plastiki.

"Pole tena kwa ile mambo, mzee. Sasa, ufunguo utauweka hapa katikati. Ni wewe utamletea mheshimiwa. Nimemwambia vile ulilinda hii kitu. Na ile karatasi yako ya miezi mitatu nimeipeleka."

Mulinge akaivua kamba ya mkonge. Shingoni mwake palibaki alama.

Watu walijaa. Akina mama wajawazito walikalishwa mbele, wamevalishwa fulana za manjano. Nzilani hakuingia hemani. Alisimama nje ya ua, leso imefungwa kifuani juu ya nyingine, na bado ile ya juu ilikuwa na maji mahali pawili.

"Tumepigana sana bungeni kwa ajili yenu!" mheshimiwa alisema, na watu wakapiga makofi. "Kuanzia leo hakuna mama wa Kwa Nyamai atapoteza mtoto kwa sababu ya stima! Na ninataka muone huyu mzee. Kuja, mzee. Huyu amepewa ufunguo miezi minne. Angeweza kucharji simu za watu hapa ajipatie chake. Hakufungua hata siku moja! Tungekuwa na watu kama huyu, Kenya ingekuwa wapi?"

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza. Sista Kanyiva aliinamisha kichwa. Mulinge alitembea na sinia lake kutoka upande huu wa hema mpaka ule, akasimama palipowekwa alama ya chaki. Mheshimiwa akamsogezea kipaza sauti, mkono begani mwake.

"Kweli si kweli, mzee? Ulifungua hata siku moja?"

Mulinge akatazama nje ya ua. Nzilani alikuwa anamwangalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile alikuwa anamwangalia usoni.

Akainamia kipaza sauti, kisha akajivuta nyuma. Watu wakacheka kwa upendo, wakidhani ni haya za mzee. Mheshimiwa naye akacheka, akakirudisha kipaza sauti kwake, na kijana wa muziki akaachilia wimbo wa kumsifu Bwana.

"Nilifungua," Mulinge akasema ndani ya kelele hizo. "Nilichelewa."

Nje ya ua palikuwa patupu.

"Mzee," mpiga picha akamwita, jicho moja limefumbwa. "Mzee, inua sinia kidogo. Ufunguo hauonekani."