Sindano na Kipande

Mimi nina kiburi cha darubini, sikatai. Miaka kumi na tisa nasoma seli zilizovutwa kwa sindano, na nikishasema, nimesema. Ndiyo maana uvimbe ulipomtoka mdogo wangu shavuni, karibu na sikio, nilimchoma sindano mwenyewe na kusoma mwenyewe, kosa ambalo ningemfokea mtu mwingine yeyote. Seli zilikuwa ndogo, nyeusi, zimebanana. Nikaandika: saratani. Kisha nikajifungia chooni nikalia.

Daktari wa upasuaji alitaka kukata eneo pana, pamoja na neva inayouvuta mdomo ucheke. Mdogo wangu akasaini fomu ya kukubali siku hiyo hiyo.

"Subiri kwanza," akasema Wembe, mzee wetu wa maabara anayekata nyama za wagonjwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. "Sindano inakuonyesha watu, haikuonyeshi nyumba wanayoishi. Nileteeni kipande."

"Unanifundisha kazi?"

"Kazi unaijua. Subira ndiyo huna."

Nilinuna, lakini nikaenda kumbembeleza daktari, akakata kipande kidogo cha uvimbe. Kikalowekwa kwenye dawa, kikagandishwa kwenye nta, kikakatwa, kikapakwa rangi. Siku tatu nilichungulia mlangoni kwa Wembe asubuhi na jioni.

Siku ya nne Wembe alinisukumia darubini. Zile seli nyeusi zilikuwepo, lakini pembezoni tu. Katikati palijaa seli zilizokufa zamani, maganda matupu yasiyo na kiini, na chembechembe za chokaa. Ulikuwa uvimbe wa shina la unywele, usio na madhara. Sindano yangu ilikuwa imechota ukingoni.

"Huo unatolewa peke yake," Wembe akasema. "Neva haiguswi."

Nilimkumbatia mpaka miwani ikamvuka.

Mdogo wangu nilimkuta wodini, nywele za juu ya sikio zimeshanyolewa. Nikamweleza yote bila kujipamba. Akacheka, akalia, akacheka tena.

"Kumbe na wewe dada unakosea!"

"Nimekosea, tena vibaya. Lakini na wewe, ulisaini haraka hivyo kwa nini? Mdomo wako mwenyewe, hukuuliza hata swali moja!"

Akanitazama kwa mshangao.

"Niulize nini, dada? Si ulikuwa umeandika wewe?"

Nikamshika mkono.