Kuku Aliyemngoja Babra

Mjukuu wangu Babra alikuwa hawezi kulitamka neno kuku. Akitaka kuwataja alisema "wale", na sisi hapa Masinya tulishazoea. Akifika nyumbani alisimama njiani kwanza, akaita, "Nyanya, wale wamefungiwa?" Akijibiwa ndiyo, ndipo anaingia uani.

Hofu hiyo ilimpata kabla hajaanza shule. Aliinama kuokota kifaranga, mama mtu akamrukia usoni, mabawa yakampiga machoni. Kidonda cha juu ya jicho kilipona. Hofu haikupona. Tulidhani atakua aiache, kumbe alikua nayo. Kwenda shule alizunguka njia ya bondeni, yenye matope, ili asipite kwa mzee Engole ambaye kuku wake walijaa barabarani kama askari wa mpakani. Bodaboda ikimpita na kuku wananing'inia kwenye usukani, vichwa chini, anaruka mtaroni na kujifunika uso kwa mikono. Krismasi watu wakinyonyoa manyoya nje, yeye amejifungia chumbani. Binamu zake walimtupia unyoya mezani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wengine walisema anadeka tu. Akapelekwa kuombewa, akaombewa vizuri, akarudi vilevile.

Hata kazi iliharibika. Babra ni fundi cherehani, na kwa gomesi, lile vazi refu la heshima la akina mama lenye mabega yaliyochongoka, mkono wake hauna mpinzani pale Busia mjini. Mafundi wenzake wanakaa vibarazani, wateja wanawaona. Yeye alipanga chumba cha ghorofani kwa sababu wale hawapandi ngazi. Shida ni kwamba akina mama wazito, ambao ndio wavaaji wa gomesi, nao hawapandi ngazi.

Kisha akaja Phillip, fundi wa umeme kutoka Mella, kule Tororo. Kijana mpole. Wakitembea sokoni yeye hukaa upande wa kuku bila kuambiwa. Walipokubaliana kuoana akampeleka kwao akamwone mama yake, Mama Athieno.

Siku hiyo sikuwako, lakini wamenisimulia wote wawili. Walikula vizuri, kalo, ugali wa wimbi, na mboga ya kunde, wakaongea mpaka jua likapungua. Saa ya kuondoka Mama Athieno akaingia jikoni, akatoka na tembe mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, akamkabidhi Babra kwa mikono miwili. Ndivyo wanavyofanya pale kwao. Mkwe akija mara ya kwanza haondoki mikono mitupu, na kuku huyo hapewi kwa ajili ya nyama tu. Ni kumwambia kwamba nyumba hii sasa ni yako. Phillip alikuwa nyuma ya nyumba akihangaika na pikipiki. Kuku akapiga mabawa. Babra akaruka nyuma, kuku akaanguka chini mbele ya mashangazi wa Phillip, na binti akakimbia mpaka barabarani.

Hapo Phillip akakosea. Aliona haya kwa niaba ya mchumba wake, akamwambia mama yake kwamba Babra alishikwa na tumbo. Lakini mwenye tumbo hakimbii namna ile, na mashangazi wana macho. Shangazi Dorah ndiye aliyetangaza kwamba Wasamia, yaani sisi watu wa Babra, wameona kuku wa Mella ni mdogo, labda binti alikuwa anangojea bata mzinga. Neno likazunguka kijiji, likarudi kwa Mama Athieno limenenepa.

Sasa kuku akishafungwa miguu kwa jina la mgeni hawezi tena kuwa wa nyumba. Haliwi, hauzwi. Mama Athieno akamweka chini ya tenga, akatuma ujumbe: kuku wa Babra yuko, anamngoja. Siku atakayokuja kumchukua, wao watafunga safari ya Masinya kwa utambulisho, kujitambulisha rasmi kwetu. Asipokuja, watakuwa wameelewa.

Babra alikuja kwangu na ujumbe huo macho yamevimba. "Nyanya, mwambie Phillip atafute mwingine," alisema. "Sitaweza kuishi kwenye nyumba ambayo kila mgeni anapewa wale."

Sikumwambia Phillip lolote. Nilimpa Babra chai, nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Akasema anamtaka Phillip. Akaniambia pia kwamba alikwenda kwa muuguzi mmoja pale Busia, na muuguzi hakumcheka. Alimweleza kwamba hofu ya namna hiyo si ujinga wala deko, wapo watu wenye ya paka, wenye ya madaraja, wenye ya sindano, na dawa yake ni kuisogelea kidogo kidogo bila kusukumwa.

Kidogo kidogo ninaijua. Shule niliiachia darasa la sita, lakini kwa vitendawili nimelea watoto na wajukuu. Kesho yake tukichambua maharagwe nikamtegea.

"Ana watoto tele, na hajanyonyesha hata mmoja."

Alijua. Nilimwona mdomo unafunguka, unafungwa. Mwisho akasema, "Nakupa mji." Maana kwetu anayeshindwa kujibu humpa mwenzake mji, na aliyepewa hujisifu amekwenda huko. Akanipa Jinja. Nikaenda Jinja, nikala samaki, nikarudi na kitenge kipya. Siku ya pili nikatega kilekile, akanipa Mbale. Baadaye Soroti, Kisumu, na Tororo pamoja na mwamba wake. Nikawa tajiri wa miji, lakini mjukuu wangu bado hana neno.

Nikaona nimeanzia juu mno. Nikashuka.

"Chumba cheupe, aliyemo ndani ndiye atakayekivunja."

"Yai," akasema upesi, nami nikamwekea moja kiganjani. Akalishika. Yai halikuwa na mabawa.

"Anaandika uani kutwa nzima, na shule haijui."

Hilo alilifikiri. Halafu akatoka nje mwenyewe, kuku wakiwa wamefungiwa, akaziangalia nyayo zao kwenye vumbi. Kilichofuata kilikuwa cha nguo ambayo ikimwanguka mwenyewe haiokoti, na jibu nikaliweka dirishani. Unyoya huo ulikaa pale muda mrefu. Kwanza aliutazama kutoka mlangoni. Kisha akausogeza kwa ncha ya mkasi. Siku moja nikamkuta ameuweka gotini, anashona, uso umejaa jasho.

Haikuwa kupanda tu. Kuna asubuhi jogoo aliwika karibu na dirisha, na Babra hakutoka chumbani siku nzima. Nilimwachia chai mlangoni, sikutega kitu.

Kisha tukiwa tunapeta mtama nikarudia kile cha kwanza, cha watoto tele. Aliweka ungo chini. Nikajiandaa kupewa mji.

"Kuku," alisema, kama mtu anayetema mwiba wa samaki. Akavuta pumzi, akasema tena, "Kuku."

Siku hiyo ndipo aliponiambia kinachomtisha hasa ni mabawa. Akijua hayatafunguka, anaweza kupumua. Akakaa kwenye cherehani na mabaki ya kitambaa cha gomesi, cha zambarau kinachong'aa, akashona mfuko wa kufungia mabawa, wenye tundu la shingo na nafasi ya miguu. Ulikuwa mfuko wa kawaida, lakini mkono una mazoea yake. Alipomaliza tukaona ameuwekea mabega yaliyochongoka na mshipi wa kiunoni. Alicheka mwenyewe mpaka akalaza kichwa juu ya cherehani.

Tukaondoka na Phillip kwenda Mella. Tulipofika Tororo, mwamba umesimama pale juu yetu, Babra akaniambia, "Nyanya, mji huu nilikupa. Nirudishie leo, nipate njia." Nikamrudishia.

Mama Athieno alitukaribisha kwa heshima, lakini heshima ya baridi, ile ya kuulizwa habari za mvua tu. Mashangazi walikuwa mkekani. Phillip alitaka kuanza kueleza, Babra akamgusa mkono.

"Mama," alisema, "zawadi yako sikuidharau. Mimi ninaogopa kuku, tangu utoto wangu. Nilikuwa ninaona aibu kusema."

Shangazi Dorah aliangua kicheko. "Kuku? Na wageni wakija hapa utawapikia mawe?"

Mama Athieno hakucheka. Alimgeukia mwanawe. "Na wewe ukaniambia tumbo. Ungeniambia ukweli, ningempa mbuzi. Na bado ninaweza kumpa mbuzi."

"Hapana, Mama," Babra akasema. "Huyu ni wangu. Amenisubiri." Akatoa lile gomesi kwenye mkoba, akaomba kuku avalishwe.

Bibi mmoja akapiga makofi, na mkeka wote ukacheka, kicheko cha kweli, mpaka machozi. Dorah mwenyewe ndiye aliyemshika kuku na kumfunga mshipi, akisema hata yeye hana gomesi lenye mabega kama yale. Kuku akakaa wima, anageuza shingo huku na huku kama mama wa heshima aliyefika harusini mapema.

Mama Athieno akamnyanyua kwa mikono miwili, kama siku ile. Babra akasogea. "Ngoja, Mama," alisema. Mama Athieno akangoja, mikono imenyooka. Mkekani hakuna aliyemhimiza, hata Dorah alibana mdomo. Kisha Babra akanyoosha mikono, akampokea. Alimshika mbali na kifua, kama sufuria ya moto, lakini hakumwangusha.

"Moyo wake unakimbia," alisema baadaye. "Kama wangu."

"Nenda naye polepole, mwanangu," Mama Athieno akamjibu. "Jumamosi tunakuja Masinya."

Njiani kuku nilimbeba mimi mpaka Tororo, na kutoka Tororo Babra akambeba. Uani kwetu tulipofungua mshipi tukakuta yai ndani ya gomesi, bado la moto.

Jumamosi walikuja kweli, na Dorah ndiye aliyeongoza vigelegele. Kuku mwekundu bado yuko kwangu, na Babra bado hawezi kulifunua tenga kwa mkono wake. Kuchinja na kunyonyoa ni kazi ya Phillip, wamekubaliana, na Mama Athieno amebariki. Lakini Babra haiti tena kutoka njiani. Anaingia, anapita kando ya ukuta taratibu, anakaa. Na mjini ameanza kuulizia kibaraza.

Juzi alinitegea yeye. "Bibi harusi wangu alitaga siku ya kwanza kuvaa gomesi."

Nilijikuna kichwa, nikatazama juu, nikasema hicho kimenishinda. Akaniuliza ninampa mji gani.

Nikampa Mella.