Benchi la Wageni wa Mtandaoni

"Mama Mito, mwanao akitaka kukuona anakuonea wapi?"

Aliyeuliza hivyo ni kinyozi wa mlango wa pili, asubuhi moja alipotoka nje kukung'uta taulo la nywele. Mama Mito alikuwa kwenye kigoda chake anashindilia sufi ndani ya foronya, nyusi zimemjaa vumbi jeupe. Hakuinua macho.

"Hapa hapa. Mlango ni ule ule alioutokea."

"Hapa si mahali tena, mama yangu. Siku hizi watu wanatazamana mtandaoni. Kama kule haupo, basi haupo."

"Na wewe upo?"

"Nipo. Nimewekwa na mkasi mkononi."

"Hata kule unasubiri wateja," alisema Mama Mito, na kinyozi akacheka akarudi ndani.

Lakini swali lilibaki. Mama Mito alikuwa mjane. Alishona mito na kujaza magodoro upya katika chumba cha mbele, na kulala katika chumba cha nyuma. Mwanawe wa pekee alifanya kazi mji wa mbali, na mara ya mwisho kuja ilikuwa kumzika baba yake. Kila alipomwambia kwenye simu kwamba anataka kwenda kumtembelea, mwana alijibu, "Subiri kwanza, mama, kazi zimebana." Nauli alikwisha kuiweka, ndani ya foronya ya mto aliokuwa akilalia marehemu. Ilikaa humo ikingoja kazi zilegee.

Aliliombea jambo hilo wiki nzima. Kisha akaifumua ile foronya.

Fundi wa tovuti alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani aliyoisahau juu ya kichwa, na ofisi yake ilikuwa nyuma ya duka la kurudufu karatasi. Alimuuliza mjane bajeti yake. Mama Mito hakuzoea kutaja fedha mbele za watu. Maisha yake yote alipima mambo kwa magunia ya sufi, kwa hiyo alisema anayo magunia manne, na fundi akapiga hesabu kwa magunia bila kusumbuka.

"Kwanza kuna jina. Jina linalipiwa kila mwaka."

"Jina langu mwenyewe?"

"Likishakuwa mtandaoni, ndiyo. Halafu kuna pango. Tovuti inakaa kwenye kompyuta ya watu, wewe ni mpangaji tu."

"Hata huko kuna mwenye nyumba?"

"Yupo."

"Na kodi anapandisha?"

"Akijisikia."

Mama Mito akatikisa kichwa. Hilo alilielewa kuliko yote.

"Kwa hiyo usimalize yote kwenye kujenga," fundi alisema. "Wengi wanajenga tovuti nzuri, mwaka unageuka hawana pango, inafungwa. Sasa tuje kwenye kurasa. Kuna ukurasa wa nyumbani. Kuna wa bidhaa. Kuna Kuhusu Sisi. Na kuna Wasiliana Nasi, pale ambapo mgeni anasema neno na wewe unamjibu. Huo wa mwisho una kazi nyingi, unakula gunia zima peke yake."

"Wageni watakuja?"

"Watakuja, mama. Mchana, usiku, hata ukiwa umelala."

"Basi weka na benchi."

Fundi aliipapasa miwani yake kichwani, akaivaa, akamtazama vizuri.

"Benchi."

"Watakaa wapi? Dukani kwangu kuna kigoda kimoja, nacho nakikalia mimi."

Fundi alikuwa mtu wa kuandika anachotaka mteja. Akaandika benchi, la mbao, lenye pa kuegemea. Ili benchi liingie ilibidi kitu kitoke, na Mama Mito akautoa Wasiliana Nasi.

"Mgeni akishafika si atasema mwenyewe?"

"Hatasema, mama, kama hakuna pa kusemea."

"Kila mtu ana mdomo, binti yangu."

Hesabu ikafungwa hivyo. Kilichobaki alikirudisha kwenye foronya, na kilikuwa hakimfikishi hata nusu ya njia.

Walipofika kwenye Kuhusu Sisi, fundi aliuliza sisi ni akina nani.

"Ni mimi."

"Tuandike sisi hivyo hivyo. Mteja akiona mtu mmoja anaingiwa na wasiwasi."

Basi Mama Mito akaleta picha ya zamani, marehemu ameshika sindano ya kushonea magodoro, yeye kasimama nyuma yake, na mtoto wao mdogo kalala fofofo juu ya lundo la sufi, kinywa wazi. Picha ikawekwa. Wakawa sisi.

Tovuti ilifunguliwa siku ya Jumatatu, na wageni walianza kuingia kabla Mama Mito hajamaliza kufagia. Wa kwanza alikuwa mwanamke aliyevaa kanga ya kulalia, mswaki mdomoni. Alipita mlangoni bila kubisha, akatazama mito ya kichwa, akatazama mito ya makochi, akatoka. Nyuma yake akaingia kijana aliyesimama kama mtu aliye kwenye foleni, anasogea hatua ndogo ndogo. Wageni walikuja vile vile walivyokuwa huko walikokuwa. Mzee mmoja aliingia akiwa amechuchumaa, na kwa jinsi alivyokunja uso Mama Mito alijua yuko chooni. Akamgeuzia mgongo kwa heshima mpaka alipomaliza kuangalia bei.

Wengi hawakukaa. Walifika kizingitini, wakachungulia, wakageuka. Wachache walikaa kwenye benchi, na waliokaa hawakuacha joto wala vumbi. Mama Mito aliwakaribisha wote. Midomo yao ilitembea, lakini haikutoa sauti.

"Wanaziba njia," kinyozi alilalamika. "Jana nimemnyoa mtu kidogo nimkate sikio, nampisha mgeni wako."

"Niwie radhi, baba. Nitawaambia wapite upande huu."

"Utawaambiaje, na wao hawasikii?"

Mama Mito alipiga simu kwa fundi, naye akamjibu kwamba ndivyo ilivyo kwa mtu asiye na Wasiliana Nasi.

"Na hawa wanaogeuka mlangoni?"

"Hao wamekosea njia. Kila tovuti inao. Usiwachukulie moyoni."

Basi akawazoea. Akawa anashona huku wameketi, na jioni alipowasha taa aliwaambia habari za siku, maana hata marehemu katika siku zake za mwisho hakuwa akijibu. Aliwaombea pia, mmoja mmoja, akiwataja kwa nguo walizovaa kwa kuwa majina hakuyajua.

Mwanawe alikuja mwezi wa pili, saa ya watu kutoka kazini. Aliingia mkono mmoja uko juu, umeshika kitu kisichoonekana, mwili unayumba kidogo kama mtu aliyesimama ndani ya basi. Shati lake lilikuwa limekunjamana. Alikuwa amepungua mashavu, na nywele za kando zimeanza kuwa na mvi, jambo ambalo hakuwahi kulisema kwenye simu. Hakutazama mito. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta ilipotundikwa picha ile ya zamani, akasimama mbele yake muda mrefu. Kisha midomo yake ikatembea.

"Sema, baba," Mama Mito alisema. "Sema tena."

Midomo ikatembea tena, au pengine alikuwa anatafuna kitu. Mkono wake wa juu ukaachia, akashuka ngazi ambazo duka halikuwa nazo, akatoweka mtaani.

Kesho yake asubuhi Mama Mito alimimina foronya yote juu ya meza ya fundi wa tovuti.

"Nataka ule ukurasa wa kusemea."

"Umebakiwa na akiba ya pango, mama?"

"Ongeza kwanza wa kusemea."

Fundi alisita, akakumbuka mito miwili iliyokuwa inahitajika nyumbani kwake, akasema kazi iliyobaki angelipwa kwa mito. Wakaelewana.

Baada ya hapo duka likawa na sauti. Wageni waliingia na kusema papo hapo, bila salamu. "Mnasafirisha?" "Bei ya mwisho?" "Mnashona na mito ya mbwa?" Mmoja aliuliza kama mito ya sufi inaondoa ndoto mbaya, na Mama Mito akamwambia ukweli, kwamba haiondoi ila inamfanya mtu aziote akiwa amelala vizuri. Huyo akaagiza minne. Kazi ikaongezeka mpaka sindano ikamtoboa kidole. Kinyozi akaweka kibao mlangoni kwake kilichosema WAGENI WA MITO NI MLANGO UNAOFUATA, akawa ameridhika.

Kila jioni, saa ya watu kutoka kazini, Mama Mito aliweka sindano chini na kupangusa benchi. Waliingia waliosimama kama wako kwenye basi, wengi tu, lakini mwanawe hakuwemo.

Mwaka ulipogeuka, mwenye nyumba wa kule alikuwa amepandisha pango. Fundi alikuja mwenyewe kumwambia, akaketi kwenye benchi katikati ya wageni wawili. Foronya ilikuwa imejaa tena. Kilichokuwamo kilitosha kulipa pango na jina kwa mwaka mwingine, au kilitosha nauli ya kwenda na kurudi. Kwa vyote viwili hakikutosha.

"Ukikosa kulipa, wanafunga mwisho wa mwezi," fundi alisema.

"Na hawa?"

"Watakuta mlango umefungwa."

Mama Mito aliomba dakika moja. Alikwenda chumba cha nyuma akampigia mwanawe, simu ikaita ikakatika, na baada ya muda ukaja ujumbe. Akausoma kwa sauti ndogo, kidole kikifuata maneno: *Usihangaike na safari mama. Nakuona kwenye tovuti. Uko vizuri.*

Alirudi na foronya mkononi.

"Lipa pango," alisema.

"Una uhakika, mama?"

"Ndiko anakoniona."

Fundi akahesabu, akaweka mkobani, akaaga.

Mwanawe alikuja wiki hiyo hiyo. Safari hii hakuwa kwenye basi. Aliingia taratibu, amevaa ndala, kama mtu anayezunguka nyumbani kwake siku ya mapumziko. Benchi lilikuwa tupu. Mama Mito alikuwa ameliwekea mto mpya, wa sufi iliyochambuliwa kwa mkono, upana ule wa kichwa alioukumbuka.

"Karibu, baba. Kaa."

Mwana aliketi. Aliegemea, akatazama dari pale panapovuja, akatazama mikono ya mama yake iliyofungwa kitambaa kidoleni, akatazama picha ukutani. Pa kusemea palikuwa wazi. Palikuwa pamelipiwa.

"Umekula?" Mama Mito aliuliza.

Mwana alizidi kutazama picha.

"Umepungua. Na hizi mvi ni za nini, mtoto mdogo kama wewe?" Alingoja. Mlango wa pili, mashine ya kinyozi ilinguruma, ikanyamaza. Akaona labda hajamuuliza ipasavyo, kwa kuwa ni mgeni wa tovuti, naye ni mwenye duka. Akafuta mikono kwenye kanga, akamuuliza kama alivyowauliza wengine wote.

"Nikusaidie nini?"

Mwana akainua uso, na sauti yake ikasikika safi kabisa, ile ile ya kwenye simu.

"Naangalia tu, mama."

"Angalia, baba," alisema Mama Mito. "Angalia tu."

Akaangalia kidogo tena. Kisha akasimama, mto nyuma yake haukuwa na alama yoyote, akavuka kizingiti na ndala zake, akatoka bila neno jingine.