Dirisha la Magharibi

Moshi wa mashamba yaliyochomwa ulikuwa umelifunika ziwa tangu Agosti ianze, na milima ya Kongo haikuonekana kutoka Kigoma. Kwa Amosi, fundi mwashi, hilo lilikuwa jambo la hali ya hewa tu. Kwa mama yake, Elida, lilikuwa sababu ya kukataa lori ambalo kesho yake lingewapeleka wao na wakimbizi wenzao kambini, mbali na ziwa.

"Siondoki bila kumuaga baba yako," alisema.

Mumewe alizikwa mlimani, ng'ambo ya ziwa, na katika ukoo wao mlima wenye kaburi ulipewa heshima ya mzee wa nyumba. Hakuna aliyesafiri bila kuuaga, akiutazama. Lakini asiyepanda lori angekosa hema na chakula, na Amosi asingepanda peke yake na kumwacha mama.

Basi akampeleka mtaa wa Katubuka, kwenye mnara wa kanisa aliokuwa akiujenga. Msimamizi wa ujenzi, Oswald, aliwakuta wakianza kupanda ngazi, akaelezwa sababu.

"Mama, huu mnara ni wa kumkaribia Mungu. Wewe unamfuata mume?"

"Mungu ananisikia hata nikiwa jikoni, baba. Mume wangu alikuwa mzito wa kusikia."

Oswald akacheka, akawapisha.

Juu, dirisha la magharibi lilitazama weupe mtupu.

"Unauona?" Elida aliuliza.

Amosi angeweza kumdanganya. "Siuoni."

"Basi tumepanda bure."

"Aprili, mvua ilipoisafisha anga, nilikuwa najenga pembe hii. Mlima ulikuwa pale, kushoto kwa nguzo. Ukuta haujasogea." Akanyoosha kidole.

Mama akakipiga kofi. "Huyo ni mbuzi wa mnadani? Mzee anaonyeshwa kidole?"

Amosi alijua tangu utotoni kwamba mlima ulionyeshwa kwa ngumi; alikuwa ameiacha desturi hiyo pamoja na mengine yasiyopimika. Akakunja vidole vyake vyenye saruji kavu, akafumba jicho moja kama anayekagua ukuta, akausogeza mkono kushoto kidogo.

Elida akaufuata mkono kwa macho mpaka ulipoishia. Kisha akaanza kuuambia ule weupe nani yuko hai, nani hajulikani alipo, na kwamba lori linaondoka asubuhi.

Chini Oswald aliita kuwa saruji inaganda. Bega lilimuuma Amosi, akakishika kiwiko kwa mkono wa pili, ngumi isihame.