Kundi la Wahamaji

Ofisini walimwita Mama Makundi, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kupanga. Elimu ya viumbe wadogo wanaoishi kwenye plastiki ilikuwa changa mno, na kila maabara iliyogundua kitu ilikibatiza jina lake, hata watu wakawa wanabishana juu ya kijidudu kilekile bila kujua. Yeye ndiye aliyekaa kitako akazisoma taarifa zote, akazigawa katika makundi yaliyoeleweka na kila mtu. Walaji waliitafuna plastiki. Wakaaji walijenga juu yake bila kuila. Wapitaji walikutwa hapo tu, kama mtu aliyejikinga mvua kwenye baraza ya nyumba ya watu; mvua ikikatika, anakwenda zake.

Hayakuwa majina matupu. Kanuni za usalama za maabara zote zilifuata kundi. Aliyeshika Mlaji alivaa barakoa na glavu, akafanyia kazi ndani ya kabati la kioo. Aliyeshika Mpitaji alikunja mikono ya shati, basi.

Mdogo wake wa tumbo moja alikuwa mtafiti katika maabara ya upande wa pili wa mji. Ndiye aliyeanza kuleta taarifa zisizoingia popote: utando mweupe ndani ya mipira ya plastiki ya kupitishia maji, laini kama unga uliolowa. Haukula plastiki, wala haukujenga. Ulitulia tu. Lakini ukiwekewa kipande cha nyama hai karibu, uliiacha plastiki ukahamia huko.

"Dada, hawa si wapitaji," alisema siku moja, wakimenya viazi jikoni kwa mkubwa. "Mpitaji hana shida na wewe. Hawa wanakusubiri."

"Usinitishe mwenzio nimeshika kisu."

"Sitanii. Waundie kundi lao. Waite Wahamaji."

Mama Makundi alilipeleka suala hilo kwa mkurugenzi, mwanamume mpole mwenye sauti ya kubembeleza, asiyepata kumfokea mtu. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akainuka akafunga mlango.

"Hebu nisaidie kufikiri," alisema. "Wafadhili wako njiani. Tumewaambia viumbe hawa watatumalizia taka. Leo tuwaonyeshe kundi linaloitwa Wahamaji? Wakiuliza wanahamia wapi, utajibu wewe?"

"Taarifa ndivyo zinavyosema, bosi."

"Taarifa za maabara moja. Ya mdogo wako." Alitabasamu. "Mimi nakujua. Lakini watu watasema mnabebana. Waweke kwa Wapitaji kwanza. Mambo yakikomaa, tutawatoa."

Hilo la "mdogo wako" ndilo lililomziba mdomo. Miaka yote aliogopa kuambiwa anampendelea, hata wakati mwingine akawa mkali kwake kuliko kwa wageni. Alirudi mezani shingo upande, akazihamisha zile taarifa moja baada ya nyingine. Kompyuta nayo ikajifunza. Tangu hapo, taarifa yoyote iliyofanana na zile ilikwenda moja kwa moja kwa Wapitaji, bila kupita mbele ya macho yake.

Mdogo wake hakugomba. Alimtumia ujumbe: "Sawa, dada." Ingekuwa afadhali angetukana.

Wafadhili walikuja, wakatembezwa maabara, wakapiga picha, wakaondoka wamefurahi. Msimu wa mvua ukaingia ukatoka. Kisha siku moja mdogo wake akapiga simu, na kabla ya salamu kukatokea kikohozi kirefu, kikavu, kama mtu anayekwangua sufuria.

"Hicho kifua cha lini?"

"Kinakuja kinakwenda. Tangu tuvue barakoa."

"Nani kawaambia mvue?"

"Wewe, dada. Kundi lako. Wapitaji hawavaliwi barakoa. Mkuu wa maabara alizichukua zote akawapa wanaoshika Walaji. Nilibishana naye nikachoka."

Mama Makundi alikata simu. Alifungua kundi la Wapitaji, ambalo hakuwa amelichungulia kwa muda mrefu, akakuta limefura. Taarifa zilikuwa zimeingia kutoka nchi ambazo hakuwahi kuzifikiria, kila mtu akieleza kwa maneno yake. Mmoja aliandika chaki laini. Mwingine, maziwa yaliyokauka. Mwingine, ukungu usiofutika. Yeye alizisoma akiona kitu kilekile. Na chini kabisa ya taarifa, mahali pa maelezo ya ziada ambapo watu huandika hali ya hewa, alianza kukuta sentensi inayojirudia: aliyechukua sampuli hii yuko likizo ya ugonjwa.

Hakuomba ruhusa. Aliunda kundi la Wahamaji, akawaondoa mle walimokuwa, akapeleka tangazo kwa maabara zote: vaeni barakoa, fungeni sampuli, wapimeni waliozishika.

Mkurugenzi aliingia bila kubisha hodi. "Umefanya nini?"

"Soma, bosi. Ukimaliza, nifukuze."

Alisoma amesimama. Kisha akavuta kiti. Alipofika kwenye yale maelezo ya ziada aliyarudia, midomo ikicheza bila sauti.

"Wale wafadhili," alisema hatimaye, "niliwatembeza mwenyewe. Tulishika ile mipira yenye utando. Tulicheka." Akajaribu kusafisha koo. Akajaribu tena. Mama Makundi alirudisha kiti chake nyuma kidogo, na mkurugenzi akamwona anavyokirudisha.

Hakumfukuza. Alisaini tangazo lile kwa jina lake, akaenda kupimwa, na ofisi yake ikabaki imefungwa.

Mdogo mtu alilazwa kwa homa iliyopanda kila jioni na utando mweupe kooni, akachomwa dawa hata mishipa ikakimbia sindano. Alipona nusu. Kupanda ngazi kukawa kazi, na kucheka kukawa kwa kuiba. Alasiri moja wodini, Mama Makundi alimshika mkono, akasema lile lililokuwa likimkaba: "Nilikuona, nikakufumbia macho."

"Ulinifumbia," mdogo wake alijibu. Hakusema nimekusamehe. Lakini mkono hakuutoa.

Wiki iliyofuata taarifa mpya iliingia katika kundi la Wahamaji. Mama Makundi aliifungua akiwa bado hajavua koti. Dalili zilikuwa zilezile: kikohozi, utando, homa ya jioni. Ila mgonjwa hakuwa mtafiti, wala fundi wa maabara, wala ndugu yao. Alikuwa mwalimu wa chekechea, katika mji usio na maabara hata moja.

Aliisoma tena polepole, akitafuta mahali alipokosea. Hakupaona. Nje ya dirisha watu walikuwa wanavuka barabara, wanasalimiana, wanashikana mikono.